Cheti kinasema LDL ni ya kawaida, mbona mgonjwa wa kisukari anaandikiwa dawa ya kolestro?

Chukua cheti cha maabara cha mfano. Mwenyewe ni mama wa miaka 56, ana kisukari cha aina ya 2 mwaka wa tisa sasa, na sukari yake siku hizi imetulia. Kolestro yote kwa jumla ni 4.9. HDL, ile iitwayo kolestro nzuri, ni 0.9. Trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, ni 2.6. LDL, ile iitwayo kolestro mbaya, ni 2.8. Vipimo vyote ni vya milimoli kwa lita. Mashine imeweka alama ya kupanda kwenye trigliseridi na alama ya kushuka kwenye HDL, lakini mbele ya LDL haikuweka chochote. Daktari anakitazama, kisha anaandika atorvastatini, dawa ambayo kazi yake kubwa ni kushusha LDL.

Binti aliyemsindikiza akikisoma cheti hicho kwenye korido atashangaa, na ana haki. Kilichopanda hakikuandikiwa dawa, kilichoshuka nacho kimeachwa, na kile ambacho maabara haikukilalamikia ndicho kinachomezewa kidonge kila siku. Wengi wakifika hapo huamua kwamba daktari ameandika kwa mazoea, au duka la dawa lina mkono wake, na kidonge kinabaki kwenye droo.

Daktari yuko sahihi. Ila ili kuona usahihi wake inabidi kuelewa kwamba mafuta ambayo kisukari huyavuruga waziwazi siyo yale ambayo kuyashusha kunaokoa moyo. Watafiti wenyewe iliwachukua miaka mingi na majaribio ya gharama kubwa kukubali hivyo.

Kisukari kinavyovuruga mafuta

Tumezoea kuisikia insulini kama homoni ya sukari, lakini ina kazi nyingine kubwa: huziamuru hifadhi za mafuta mwilini zishikilie akiba yao. Mwili unapoacha kuisikia insulini vizuri, kama inavyotokea kwenye kisukari cha aina ya 2, hifadhi hizo huanza kuvuja. Asidi za mafuta humiminika kwenye damu na kuishia kwenye ini. Ini nalo haliwezi kukaa na mzigo huo, hivyo huufunga kwenye chembe kubwa zilizojaa trigliseridi, ziitwazo VLDL, na kuzirudisha kwenye mzunguko wa damu. Ndiyo maana trigliseridi hupanda hata kwa mtu asiyegusa chipsi wala nyama ya mafuta.

Chembe hizo zikiwa nyingi huanza kubadilishana mizigo na wenzao. Zinatoa trigliseridi, zinapokea kolestro. HDL iliyobebeshwa trigliseridi huvunjwa na kuondolewa haraka, kwa hiyo HDL kwenye cheti hushuka. LDL iliyobebeshwa trigliseridi hupunguzwa na kimeng'enya cha ini mpaka inabaki ndogo na nzito. Trigliseridi juu, HDL chini, LDL ndogondogo: mambo matatu, chanzo kimoja. Cheti cha yule mama kinaonyesha mawili ya mwanzo. La tatu hakilionyeshi kabisa, na hapo ndipo penye mtego.

Kipimo cha LDL hupima kolestro iliyomo ndani ya chembe za LDL. Hakihesabu chembe zenyewe. Fikiria abiria 120 wanaotoka Mbagala kwenda Kariakoo. Ukiwapakia kwenye Coaster za watu 30, barabarani yataingia magari manne. Ukiwapakia kwenye vipanya vya watu 15, yataingia manane. Abiria ni walewale, foleni na ajali si zilezile. Mwenye kisukari mara nyingi husafirisha kolestro yake kwa vipanya. LDL ya 2.8 kwake inaweza kumaanisha chembe nyingi zaidi kuliko LDL ya 2.8 kwa jirani yake asiye na kisukari, na ukuta wa mshipa unaumizwa na wingi wa chembe zinazougonga.

Chembe inapopenya ngozi ya ndani ya ateri, baadhi hunasa humo. Zikishanasa huharibika, seli za ulinzi zinakuja kuzimeza, zinashiba mafuta na kufia palepale. Mrundikano huo hukua kwa miaka bila maumivu. Siku utando wake unapopasuka, damu huganda juu yake ndani ya dakika chache. Ikiwa mshipa ni wa moyo, hilo ni shambulio la moyo. Ikiwa ni wa ubongo, ni kiharusi. Kisukari huongeza moto kila hatua: sukari nyingi hudhoofisha ngozi ya mshipa na kuifanya damu igande kwa urahisi.

Kila chembe yenye uwezo wa kunasa ukutani, iwe LDL, VLDL au mabaki yake, hubeba protini moja tu iitwayo ApoB. Kuihesabu protini hiyo ni kuhesabu magari. Maabara nyingi za kwetu hazina kipimo hicho, lakini kuna njia ya mkato ambayo haigharimu hata senti: toa HDL kwenye kolestro ya jumla. Kwa yule mama ni 4.9 kutoa 0.9, unapata 4.0. Hiyo ndiyo kolestro yote iliyo ndani ya chembe mbaya, za kila aina. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2019 unataka mtu wa hatari kubwa awe chini ya 2.6 kwenye namba hii, na LDL yake iwe chini ya 1.8. Mwenye hatari kubwa mno, kwa mfano aliyewahi kupata shambulio la moyo, LDL iwe chini ya 1.4. Sasa rudi kwenye 2.8 isiyo na alama. Maabara iliilinganisha na kiwango kilichowekwa kwa watu wote kwa ujumla. Haikujua kwamba aliyetoa damu ana kisukari.

Tena hiyo 2.8 yenyewe haikupimwa. Kwenye maabara nyingi LDL hukokotolewa kwa kanuni ya Friedewald ya mwaka 1972: kolestro ya jumla, toa HDL, toa trigliseridi iliyogawanywa kwa 2.2. Piga hesabu ya cheti chetu na utapata 2.8 hiyohiyo. Kanuni hii haifai kabisa trigliseridi zikizidi 4.5, na kabla ya kufika huko huwa inaelekea kuonyesha LDL ndogo kuliko ilivyo, hasa pale LDL inapokuwa chini. Kwa maneno mengine inakosea zaidi kwa watu wale wale wenye trigliseridi za juu, yaani wenye kisukari, na inakosea kwa kuwafariji. (Angalia pia kizio. Baadhi ya maabara huandika kwa miligramu kwa desilita, ambako 2.8 husomeka kama 108. Nimeona watu wakilinganisha vyeti viwili vya vizio tofauti na kupata kihoro bure.)

Trigliseridi zilivyowaangusha watafiti

Kwa mantiki ya kawaida, kama tatizo la mwenye kisukari ni trigliseridi, basi mpe dawa ya trigliseridi. Hivyo ndivyo walivyofikiri wataalamu wengi, na jambo hilo lilijaribiwa kwa uzito wake. Jaribio la FIELD, lililotoa matokeo mwaka 2005, liliwaweka watu 9,795 wenye kisukari kwenye fenofibrati au kidonge kisicho na dawa. Trigliseridi zilishuka. Mashambulizi ya moyo na vifo vya moyo, vikihesabiwa pamoja, vilipungua kidogo mno kiasi kwamba bahati tupu ingeweza kueleza tofauti hiyo. Mwaka 2010 likaja ACCORD, watu 5,518, safari hii fenofibrati ikiongezwa juu ya simvastatini, dawa ya kundi moja na atorvastatini. Halikuonyesha faida kwa moyo. Mwaka 2022 PROMINENT ikajaribu dawa mpya zaidi, pemafibrati, kwa watu zaidi ya 10,000 wenye kisukari, trigliseridi za juu na HDL ya chini, karibu picha halisi ya cheti chetu. Trigliseridi zilishuka kwa takriban asilimia 26. Mashambulizi ya moyo na viharusi hayakushuka hata kidogo.

Mimi naona PROMINENT ndiyo yenye somo kubwa kuliko zote, kwa sababu ndani yake limo jibu la kwa nini. Wakati trigliseridi zikishuka, ApoB ya waliotumia dawa ilipanda kidogo na LDL ikapanda kwa zaidi ya asilimia 12. Dawa ilizipunguzia chembe mzigo wa trigliseridi, zikageuka kuwa LDL, na zikaendelea kuzunguka. Mizigo ilishushwa, magari yakabaki barabarani.

Kwenye HDL hali ilikuwa mbaya zaidi. Tulifundishwa kuiita kolestro nzuri, na ni kweli kwamba watu wenye HDL ya chini hupata magonjwa ya moyo zaidi. Lakini torcetrapib, dawa iliyoipandisha sana, ilisimamishwa mwaka 2006 baada ya kuonekana kwamba waliokuwa wakiimeza wanakufa zaidi. Niasini, aina ya vitamini B, nayo iliipandisha HDL katika majaribio mawili makubwa na moyo haukunufaika. HDL ya chini ni alama ya kwamba mwili umevurugika. Kuisukuma namba juu kwa dawa hakuondoi vurugu hiyo. Anayekuuzia kirutubisho cha "kupandisha kolestro nzuri" anakuuzia namba.

Isieleweke kwamba trigliseridi ni za kupuuzwa. Zikivuka 10 huweza kuchochea kongosho kuvimba ghafla, maumivu makali ya tumbo ambayo huua, na hapo dawa ya kuzishusha ina kazi ya haraka. Fenofibrati pia ilipata heshima isiyotarajiwa kwenye macho: FIELD ilikuta waliohitaji matibabu ya leza ni wachache zaidi, na jaribio la Uskoti lililotangazwa mwaka 2024 likaonyesha madhara ya kisukari kwenye retina yakienda polepole. Na kwa mtu wa kawaida, trigliseridi zilizopanda ni ujumbe kuhusu sukari, pombe, soda, juisi na sahani ya wali iliyojaa. Sukari ikidhibitiwa, mara nyingi nazo hushuka bila kidonge chake.

Statini hufanya nini hasa

Statini, kundi la dawa lenye atorvastatini na simvastatini, hulibana ini lisitengeneze kolestro yake. Ini likipungukiwa huongeza vipokezi vya kunasa chembe kutoka kwenye damu, LDL pamoja na mabaki ya VLDL. Hapa magari yenyewe ndiyo yanayoondolewa.

Matokeo yake yamepimwa mara nyingi. Jaribio la CARDS la Uingereza na Ireland, la mwaka 2004, liliwachukua watu 2,838 wenye kisukari cha aina ya 2 ambao hawajawahi kuugua moyo na ambao LDL yao haikuwa ya kutisha. Nusu walipewa atorvastatini miligramu 10, kipimo kidogo kabisa. Lilisimamishwa miaka miwili kabla ya wakati kwa sababu faida ilishaonekana. Kwenye kundi lisilo na dawa, watu 127 walipata tukio kubwa la moyo au kiharusi. Kwenye kundi la dawa, 83. Viharusi peke yake vilipungua karibu nusu. Ukiwatibu watu 1,000 wa namna hiyo kwa miaka minne, unazuia matukio yasiyopungua 37. Si muujiza, maana wengi kati ya hao 1,000 hawangepata kitu hata bila dawa, na wachache watapata hata wakiimeza. Lakini kwa kidonge kimoja kwa siku, hesabu hiyo si ndogo.

Kinachomgusa yule mama zaidi ni matokeo ya Heart Protection Study ya Uingereza, ya mwaka 2003, iliyokuwa na watu karibu 6,000 wenye kisukari. Walipochunguzwa peke yao wale ambao LDL yao ilianza chini ya 3.0, matukio makubwa yalipungua kwa asilimia 27. Faida haikusubiri LDL iwe mbaya. Uchambuzi uliounganisha majaribio 14 na kutolewa mwaka 2008 ukafunga mjadala: kila LDL ya mwenye kisukari inaposhuka kwa milimoli 1, matukio makubwa ya mishipa hupungua kwa takriban moja ya tano. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapendekeza statini kwa wenye kisukari cha aina ya 2 kuanzia miaka 40, bila kungoja cheti kiweke alama.

Swali linalofuata huwa: lakini sukari yangu iko vizuri, si inatosha? Sukari ikidhibitiwa huokoa macho, figo na neva, hilo halina ubishi. Kwa moyo, hadithi ni ndefu. Utafiti mkubwa wa kisukari wa Uingereza, UKPDS, ulipopanga mwaka 1998 mambo yanayobashiri ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa wenye kisukari kipya, LDL ilikaa nafasi ya kwanza, HDL ya pili, ndipo sukari ikafuata, kisha presha na sigara. Mwaka 2008 tawi la ACCORD lililoishusha sukari kwa nguvu sana lilisimamishwa kwa sababu watu kwenye kundi hilo walikuwa wanakufa zaidi. Kilichofanikiwa wazi ni kupiga pande zote kwa pamoja: kule Denmark, jaribio la Steno-2 lilikuwa na watu 160 tu, lakini waliotibiwa sukari, presha na mafuta kwa mpigo walipata matukio ya moyo na mishipa karibu nusu ya wenzao.

Kuna kauli inayorudiwa sana, kwamba mwenye kisukari ni sawa na mtu aliyekwisha kupata shambulio la moyo. Ilitokana na utafiti wa Ufini wa mwaka 1998: ndani ya miaka saba, asilimia 20.2 ya wenye kisukari ambao moyo wao haukuwahi kushambuliwa walipata shambulio, na kwa wasio na kisukari waliowahi kushambuliwa ilikuwa asilimia 18.8. Namba ni za kweli, lakini kauli imevimbishwa. Tafiti za baadaye, zikiunganishwa, zilionyesha kwamba kwa wastani hatari ya mwenye kisukari iko chini ya hapo. Aliyegunduliwa mwaka jana akiwa na miaka 38 hawezi kuwekwa kapu moja na mwenye miaka 15 ya ugonjwa na protini kwenye mkojo. Huyu wa pili, ndiyo, mtibu kama aliyekwisha kuugua moyo.

Jambo moja zaidi linalofanya kungoja kuwe hatari. Kisukari cha muda mrefu huharibu neva, pamoja na zile zinazobeba maumivu ya moyo. Shambulio linaweza kuja kama jasho la ghafla, kichefuchefu, kuishiwa pumzi au uchovu usioelezeka. Mgonjwa anadhani sukari imeshuka, anakunywa soda. Au anaambiwa ni gesi, ni vidonda vya tumbo, na kupewa dawa ya kupunguza asidi. Mwenye kisukari mwenye dalili hizo anastahili kupimwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo, siku hiyohiyo.

Hofu za kidonge

Maumivu ya misuli ndiyo malalamiko makuu. Jaribio dogo la London liitwalo SAMSON, la mwaka 2020, liliwachukua watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara. Mwezi mmoja walimeza statini, mwezi mwingine kidonge kisicho na dawa, mwezi mwingine hawakumeza kitu, bila kujua kidonge kipi ni kipi. Wakijipa alama za usumbufu kutoka 0 hadi 100, miezi mitupu ilikuwa na wastani wa 8.0, ya kidonge kisicho na dawa 15.4, ya statini 16.3. Maumivu yalikuwa ya kweli. Kilichoyaleta, kwa sehemu kubwa, ni kumeza kidonge ukitarajia kuumwa. Madhara halisi ya misuli yapo ila ni nadra, na maumivu makali yanayoambatana na mkojo wa kahawia iliyokolea ni safari ya hospitali, si ya kusubiri kliniki.

Statini pia hupandisha sukari kidogo, hili si uzushi. Uchambuzi wa mwaka 2010 ulikuta kwamba ukiwatibu watu 255 kwa miaka minne, mmoja zaidi hupata kisukari. Kwa aliyekwisha kuwa nacho, kinachotokea ni sukari kupanda kwa kiasi kidogo ambacho dawa za sukari hukimudu.

Chakula kina nafasi yake, ingawa kwa LDL nguvu yake ni ndogo kuliko tunavyopenda kuamini. Mafuta ya mawese na ya nazi yamejaa mafuta yanayoganda, nayo hupandisha LDL kuliko alizeti au mahindi. Watu wa pwani hatupendi kusikia hili. Kubadilisha mafuta ya kupikia na kupunguza nyama nono kunaisogeza LDL, lakini ni vigumu kuifikisha 1.8 kwa sufuria peke yake. Na anayeacha kidonge kwa kuwa cheti cha pili kimekuja safi, LDL yake hurudi ilikokuwa ndani ya wiki chache.

Mwanamke anayetarajia kushika mimba aseme mapema, kwani kwa kawaida statini husimamishwa. Anayemeza simvastatini akiandikiwa klarithromaisini ya bakteria wa vidonda vya tumbo asitumie vyote viwili kwa pamoja. Na kwa nchi zetu, tahadhari kubwa zaidi ni ya ARV. Dolutegravir haina ugomvi na statini, lakini dawa za mstari wa pili zenye ritonavir hupandisha simvastatini kwenye damu hadi kiwango cha kuyeyusha misuli, na mchanganyiko huo umekatazwa kabisa. Haina maana kwamba mwenye virusi asipewe statini: jaribio la REPRIEVE la mwaka 2023, ambalo Uganda ilishiriki, lilionyesha pitavastatini ikipunguza matukio ya moyo kwa watu wenye VVU kwa asilimia 35. Ni kuchagua aina inayofaa. Anayehudhuria kliniki ya kisukari na ya CTC, yaani ya VVU, aende na vidonge vyake vyote mkononi kote kuwili, maana mara nyingi mafaili ya kliniki hizo mbili hayakutani.